Soude ya Mukate

Wiki jana nilimfokea mwanafunzi mwenzenu Charlotte mbele yenu wote, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kwa nini. Nilimpokonya kijiko, nikamwaga chini unga wote aliokuwa ameupima, kuku wakaja wakala. Kosa lake? Alinyoosha mkono akamwambia mwenzake, "Unipatie ile soude ya mukate." Basi. Maneno hayo tu. Charlotte akalia, akakunja kitambaa chake, akaenda kwao, na mimi mzee mzima nikabaki nimesimama na kijiko cha mtoto wa watu. Toka siku ile mnanong'ona kwamba Tata Kasongo kichwa kimechoka. Eeh, nimewasikia, masikio yangu bado hayajastaafu. Kwa hiyo leo hakuna kuwasha makaa. Kaeni chini niwaeleze, halafu mtaniambia kama kichwa kimechoka.

Nimepika katika nyumba za watu wa migodi hapa Kolwezi miaka thelathini na kitu. Wabelgiji nimewapikia, Wachina nimewapikia, na wengine ambao mpaka leo sijui walikuwa watu wa wapi. Aliyenifundisha kazi ni Tata Mutombo, mpishi wa zamani, mfupi, mkali, mwenye mwiko wa mbao usiotoka mkononi. Ule mwiko ulikuwa wa kukorogea na wa kutupigia. Siku moja aliniuliza kama ile nyama ilikuwa imelala nje au mahali pa baridi. Sikujua. Nikamjibu haraka, "Mahali pa baridi, Tata." Akainusa, akaitupa, akanipiga na mwiko kwenye vifundo vya vidole. "Ukiwa haujue, sema: sijue," akaniambia. "Sijue haijaua mutu. Mupishi mwenye anajibu kila kitu, huyo njo anaua."

Vifundo vilivimba, nikavipaka mafuta, neno lenyewe likapita. Nilikuwa kijana, na nilifikiri mpishi mkubwa ni yule asiyekosa jibu.

Miaka ilipita mpaka nikafika kwa Madame Nora. Mume wake alikuwa injinia, wote wawili ni watu wa Irlande, kule Ulaya. Kwao wana mkate usiotiwa chachu. Hauumuki usiku kucha, haukandwi, haubembelezwi. Unachanganya unga wa ngano na pumba zake, chumvi, na kijiko kidogo cha unga mweupe. Unatia maziwa yaliyogandishwa kwa ndimu, kisha bia nyeusi, ile chungu inayofanya povu la rangi ya maziwa yenye chai. Ule unga mweupe ukikutana na bia unalia, chiii. Ukisikia hivyo usisimame kupiga hadithi. Vidole vimekunjwa, unazungusha mara chache, unafinyanga duara, unakata msalaba juu kwa kisu, mkate unaenda motoni. Ukiukanda kama mnavyopenda kukanda ninyi, unakuwa jiwe.

Ule msalaba Madame alisema kwao wazee wanaukata ili mkate ubarikiwe. Mimi nawaambia faida yake ya jikoni: moto unaingia katikati, na mkate ukiwa mzima msalaba unafunguka. Unapanuka mpaka unaona ndani. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililomwokoa mtu.

Sasa jina la ule unga mweupe. Kwenye karatasi yake iliandikwa bicarbonate. Madame mwenyewe, kwa lugha yake, aliuita soda. Mimi sikio langu ni la Kifaransa cha jikoni, nikasikia soude. Nikajua haraka sana kwamba siyo ile soude yenyewe, yale magamba meupe ya kupikia sabuni. Yale yanachoma mpaka mfupa, kila mtu wa mtaa wetu wa Manika anayajua. Lakini neno lilikuwa jepesi mdomoni, nikalibeba mpaka nyumbani. Nilikuwa naleta kidogo katika kopo la maziwa ya unga, naliweka kwenye rafu, nasema, "Hii ni soude ya mukate, musiiguse." Nikajiona mtaalamu.

Na nyumba yenyewe ilikuwa nyumba gani? Mke wangu, Mama Ruti, ndiyo ilikuwa kazi yake kupika sabuni. Mnamfahamu. Sabuni ya mawese, vipande vikubwa, akiiuza pale sokoni. Soude ya kweli alikuwa anaiweka chini ya meza ya nje, nayo katika kopo la maziwa ya unga. Mmeona? Makopo mawili ya namna moja, jina moja, mume mmoja mjinga.

Siku moja mchana nilikuwa napika mkate kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama ninavyowafundisha. Mama Ruti akasimama nyuma yangu akaangalia kijiko.

"Tata Ruti," akaniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida, "hii unatia ni soude?"

"Soude ya mukate."

"Na haichome batu mu kinywa?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Swali la mtu anayeifanyia kazi soude kila siku na ana alama zake mikononi. Ningesema, "Mama, siyo ile yako, ni kitu ingine, nimekosea tu jina." Lakini mimi ni mpishi wa wazungu, sivyo? Mimi nina jibu. Bila hata kugeuka nikasema, "Bia inaipoza."

Akafikiri kidogo. "Aah. Sawa vile mafuta inapoza ile yangu."

"Njo vile," nikasema, nikafunika sufuria.

Maneno yakaishia pale. Yeye akayaamini, kwa sababu katika sabuni ndivyo ilivyo: soude inachoma, unaitia mafuta, unakoroga, siku zinapita, na kitu kilichokuwa kinatoboa nguo unamnawishia mtoto uso. Kwa nini bia isifanye hivyo? Alinipa imani yake yote na mimi nilikuwa napiga domo.

Halafu kuna habari ya kanisa. Nimelelewa Kasaji kwa watu wa kanisa, pombe sijawahi kuionja, na miaka hiyo nilikuwa shemasi. Sasa kila Ijumaa shemasi anasimama mlangoni pa baa ya sokoni na mfuko mweusi, anangojea bia nyeusi ya mkate wa Madame. Mwenye baa, mtu asiyejua kusema polepole, ananiita kutoka ndani, "Shemasi! Leo tutie moja ao mbili?" Barabara nzima inageuka. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili waliangalia pembeni. Mwishoni pasta akatuma neno kwamba Jumamosi saa tisa atakuja nyumbani na Tata Mwamba, mzee wa kanisa, kuzungumza habari ya chupa.

Nilikosa usingizi. Cheo cha shemasi ni kitu kidogo kwenu ninyi, lakini kwangu kilikuwa jina langu. Mama Ruti ndiye aliyenituliza. "Usibajibu na kinywa," alisema. "Tutabajibu na mukate. Bakule, baone kwenye bia inaingiaka."

Tukapatana. Mimi Jumamosi nilikuwa na kazi mpaka saa nane, kwa hiyo yeye atapika mikate miwili peke yake kwa bia iliyobaki nyumbani, kwani amenitazama mara nyingi. Mimi nitakuja na chupa moja iliyofungwa, wazee waione kwa macho. Nilipotoka asubuhi sikutazama rafu. Kopo langu lilikuwa karibu tupu na nilijua lilikuwa karibu tupu. Nilisahau. Nilikuwa nafikiria jina langu.

Nilichelewa. Nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, chupa ndani ya shati, dereva akikimbia kati ya malori ya mgodi, vumbi lote ni letu. Karibu na kwetu tukaingia shimo, kifua changu kikagonga mgongo wake, chupa ikavunjika. Sikukatwa, Mungu ni mwema, lakini bia yote ilinimwagikia kuanzia kifuani mpaka magotini. Nikashuka nanuka kama baa yenyewe. Saa tisa ilikuwa imeshapita.

Niliingia mlangoni nao wakicheka. Pasta amekaa kwenye kiti kizuri, Tata Mwamba pembeni, mezani sahani yenye makombo. Mkate wa kwanza walikuwa wameumaliza. "Shemasi," pasta akasema kwa furaha, "kama bia yako njo hii..." Hapo harufu ikamfikia. Akanitazama shati, akatazama miguu. Tata Mwamba akaweka kikombe cha chai chini polepole.

"Chupa ilivunjika ku taxi-moto," nikasema.

Na kweli, ninyi mngeamini?

Mama Ruti akaingia kutoka uani na mkate wa pili. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwaya, maana yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani, sauti yake ilikuwa inapita mlango. Alishika sahani kwa mikono miwili. Mnajua desturi yetu: mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni, kila chakula, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani, hakuna sumu. Alifanya hivyo kwa mkate wa kwanza, na sasa alikuwa ameshakata kipande kidogo cha huu wa pili.

Mimi nilitazama mkate.

Msalaba haukufunguka. Ilikuwa mistari miwili tu, imefunga. Mkate umelala bapa, na ganda lake lilikuwa jekundu la giza, linang'aa, rangi ambayo sikuwahi kuiona katika mkate wa Madame Nora. Nikajiambia, amekanda sana. Nikajiambia, bia ilikuwa imekufa povu. Nikajiambia, nyamaza Kasongo, umekuja unanuka bia, sasa unataka kumuaibisha mke wako mbele ya pasta kwa sababu mkate haukuumuka? Ndipo nikakumbuka kopo.

"Mama Ruti," nikasema, "soude ya mukate haikukuwa imeisha?"

Akatabasamu. Alifurahi kwamba nimeuliza mbele ya watu, ili wajue jinsi alivyojitafutia njia mwenyewe. "Iliisha ku mukate ya kwanza. Hii nilitia yangu. Si ni moja?"

Akaweka kipande kinywani.

"Tema!"

Alishtuka. Aliacha kutafuna, akanitazama, akamtazama pasta. Bana bangu, muelewe vizuri pale alipokuwa. Mwenye nyumba anayetema chakula alichompikia mgeni, hiyo ni kusema nimeweka kitu ndani. Mbele ya pasta! Siku ambayo wamekuja kupima nyumba yetu! Alikisukuma kile kipande shavuni akafunga midomo, na nikaona macho yake yanaanza kujaa machozi, na bado hakutema. Alikuwa analinda jina langu kwa ulimi wake.

Niliruka. Meza ikaenda huku, vikombe huko, nikamshika taya ili nimfungue mdomo kwa vidole. Pasta akanikamata kutoka nyuma, mtu mwenye nguvu yule, akaninyanyua. "Umelewa!" alipiga kelele. "Unapiga mwanamuke mbele yangu, umelewa!" Tata Mwamba akanishika mkono mwingine. Mimi napiga mateke, nanuka bia, nasema maneno yasiyofika mbali. Mpaka nikapata lile moja lililobaki.

"Sabuni! Ni soude ya sabuni! Soude ya mukate haiko soude! Nilikudanganya!"

Hapo akatema. Katika kiganja chake, kisha chini, kisha damu kidogo na mate mengi. Tata Mwamba akaniachia akakimbilia chupa ya mawese. "Anywe mafuta, atapike!" Mama Ruti akatikisa kichwa kwa nguvu, akaisukuma ile chupa. Akaonyesha ndoo ya maji. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa soude pale ndani, sisi wengine tulikuwa makelele tu. Alisukutua, akatema, akasukutua, akatema, ndoo nzima, mimi namchotea kwa kikombe. Pasta alikuwa amesimama anatazama kipande chake mwenyewe, ambacho kilikuwa kimeshakatwa na kumngojea kwenye sahani.

Tukapanda taxi-moto moja watatu, dereva, Mama Ruti, na mimi nyuma nimemshikilia, pasta akatufuata kwa nyingine. Katika dispensari muuguzi akauliza amekula nini. Nikasema, "Soude." Akauliza, "Soude gani?" Nikaona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Hata yeye, mtu asiyetujua, alijua hilo ndilo swali la kuuliza. Alimtazama kinywa kwa taa, akasema maji yalimsaidia sana. Ulimi umeungua, mdomo wa chini umeungua kwa ndani. "Angemeza..." akasema, akaacha hapo, akaenda kutafuta dawa.

Walimlaza. Siku mbili hakusema neno, alikunywa maziwa ya baridi kwa kijiko, na mimi nilikaa kwenye kiti cha chuma. Pasta alikuja akaniomba msamaha kwa kunishika, akasema sasa wamejua kwamba sinywi, jina langu ni safi. Siku zile zote nilikuwa nimelililia jina hilo, na nilipopewa nikaona halina uzito wowote.

Siku ya tatu asubuhi Mama Ruti akanigusa mkono. Mdomo umevimba, maneno yanatoka kwa shida. Hakuniita Tata Ruti.

"Kasongo," akasema. "Bia inaipoza?"

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua. Mpaka pale kitandani alikuwa bado anatafuta kosa lake liko wapi, kama alitia bia kidogo mno, kama moto haukutosha. Nililia, na ninawaambia wazi kwa sababu ninyi wavulana mnafikiri mwanaume halii. Nikamwambia, "Sijue. Sikujuaka hata siku moja. Nilisema tu." Tata Mutombo alikuwa ameshakufa, lakini nilivisikia vifundo vyangu vinauma.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani. Pasta alitaka niseme habari ya bia ili watu wafunge midomo. Nikasema habari ya bia kwa sentensi moja, kisha nikasema nilichomfanyia mke wangu kwa maneno mawili, nikawarudishia ushemasi wao. Wengine waliona nimezidisha. Mimi naona nilipunguza.

Amepona, mnamwona. Mnamsikia akiwafukuza mkikanyaga nguo zake. Lakini chumvi haisikii kwa upande mmoja wa ulimi, ndiyo maana mboga yake siku nyingine inawatoa machozi, na ninyi wajinga mnacheka. Akicheka yeye anaweka mkono mbele ya mdomo. Nyimbo alianza tena kuziongoza, ila zile za juu kabisa amewaachia wasichana.

Basi, mtajifunza hivi au msirudi kwangu. Kitu kile kinaitwa bicarbonate, na kama ulimi wako unashindwa kulisema, kaa ulifanyie mazoezi. Hakikai katika kopo la kitu kingine. Ukinunua sokoni katika kifuko kisichoandikwa, usionje kwa ulimi, ng'o! Tia chembe kwenye kijiko, dondoshea ndimu. Ikilia na kutoa povu, endelea. Ikinyamaza, peleka mbali na jikoni, unawe mikono. Na mtu akikuuliza swali la kazi yako nawe huna jibu, fungua mdomo useme sijue. Haigharimu kitu.

Charlotte, nimekuona umesimama pale nyuma ya ukuta tangu nilipoanza, viatu vyako vinaonekana. Nilikosea kukufokea bila kukueleza. Unga wako nitakurudishia. Ingia, ukae karibu na Mama Ruti.

Na ile desturi ya kuonja, hapa kwangu nimeibadilisha, wala sikumwomba mtu ruhusa. Kila mkate unaotoka motoni, wangu au wenu, hata ukiwa umefungua msalaba vizuri namna gani, kipande cha kwanza nakula mimi. Mama Ruti anakaa mbele yangu. Mmewahi kuona jinsi anavyokaa? Hautazami mkate. Ananitazama mdomo. Natafuna, nameza, nangojea, naye anangojea, na mpaka leo sijawahi kumwambia, "Kula, hakuna kitu." Siku akiridhika mwenyewe, ananyoosha mkono.